Gesi kwa Mtungi, Mkaa kwa Kopo

Mei 2024 Tanzania ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaotaka asilimia 80 ya wananchi wawe wanapikia gesi, umeme na vyanzo vingine safi ifikapo 2034. Safari inaanzia mbali: mwaka 2021 waliotumia nishati hiyo walikuwa asilimia 6.9 tu. Majukwaani wito mkubwa umekuwa wa kutoa elimu, kana kwamba anayenunua mkaa Manzese hajui kuwa moshi unaumiza macho na kifua. Anajua, na habari za misitu kwisha pia anazo. Kinachomtia shaka ni gharama ya kuihifadhi inavyogawanywa, na ukilitazama soko lenyewe utaona ana hoja.

Mkaa umelishika jiko la mjini kwa sababu unapimwa kulingana na mfuko wa mnunuzi. Mwenye nafasi huchukua gunia, mwingine debe, na kibarua anayelipwa jioni hupita gengeni akachukua kopo la kupikia ugali wa usiku huo. Gesi haina huruma hiyo. Mtungi mdogo uliozoeleka ni wa kilo 6, na ukiisha unalipia ujazo mzima kwa mkupuo. Wakala wa Nishati Vijijini umekuwa ukiuza mitungi kwa bei ya ruzuku, na ni jambo jema, lakini ruzuku hiyo humsaidia mtu siku ya kwanza tu. Mtungi ukishakauka ukasukumwa uvunguni, ripoti huendelea kuuhesabu kama mafanikio (ripoti zetu hupenda kuhesabu vitu kuliko matumizi).

Mtaalamu wa hesabu atapinga kwa kusema kwamba makopo ya mwezi mzima, yakijumlishwa, yanaweza kuzidi bei ya kujaza mtungi, hivyo anayeng'ang'ania mkaa anajipunja mwenyewe. Hesabu hiyo inaweza kuwa sahihi, ila inadai fedha ya mwezi kwa mtu mwenye fedha ya siku. Tena familia nyingi zenye gesi hazijaacha mkaa: chai na mayai hupikwa kwenye gesi, maharage na makande hurudishwa kwenye jiko la mkaa, kwa kuhofia mtungi kuisha katikati ya wiki. Huo ni uamuzi wa kibiashara, na bei ndiyo inayouongoza. Kenya inafaa kutazamwa hapa. Julai 2021 ilirudisha kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 kwenye gesi ya kupikia, ikaishusha hadi asilimia 8 mwaka uliofuata, kisha ikaiondoa mwaka 2023. Mwananchi anayehimizwa leo kuhama mkaa na kesho kutozwa kodi kwa kuhama, atawezaje kuamini kuwa sera ni ya mazingira?

Pingamizi zito zaidi ni la misitu. Tanzania imekadiriwa kupoteza hekta zipatazo 469,000 kwa mwaka, na wapo wanaosema hali hiyo haisubiri mitungi ishuke bei, dawa ni marufuku. Marufuku ya mkaa ilijaribiwa mwaka 2006 na haikudumu, kwa kuwa watu walikuwa bado wanahitaji kula. Ya mifuko ya plastiki, Juni 2019, ilishika kwa sababu mifuko mbadala iliingia madukani mara moja na kwa bei ndogo. Isitoshe, msitu hauliwi na mkaa peke yake. Mashamba mapya yanachangia sana, na mchoma mkaa asiye na kipato kingine hatatoweka, atahamia kulima palepale. Vijiji vya Kilosa vilivyopanga maeneo ya kuvuna mkaa kwa zamu, miti ikaachwa ichipue, na ushuru ukabaki kijijini, vimeonyesha kuwa mwanakijiji hulinda msitu unaomlipa.

Kwa hiyo fedha ya ruzuku ihame kutoka kwenye mitungi ya kugawa kwenda kwenye ujazaji na kwenye mita za gesi zinazomruhusu mtu kulipia kwa simu kiasi anachopikia siku hiyo. Teknolojia hiyo imeshaingia Dar es Salaam. Wizara za Nishati na Fedha nazo zitangaze kila mwaka idadi ya mitungi iliyojazwa tena, badala ya ile iliyogawiwa.