Rekodi za Unguja kwa Magurudumu Mawili

Barabara nyingi zinazosifiwa na wapanda pikipiki duniani ni za milimani. Kule Ladakh, India, magurudumu hufika zaidi ya mita 5,700 juu ya usawa wa bahari, karibu sawa na kilele cha Kilimanjaro, na mpanda pikipiki hujifunika makoti hadi machoni. Unguja haina la kushindana hapo. Kisiwa kizima kina urefu wa takriban kilomita 85, na Masingini, mgongo wake wa juu nje kidogo ya mji, haufiki mita 200. Lakini toka Mji Mkongwe asubuhi na mapema, na kabla hujatafuta kivuli cha kupumzika utakuwa umeshapita mbele ya vitu kadhaa vilivyokuwa vya kwanza, vya kale kabisa au vya pekee katika Afrika Mashariki. Kwa wingi wa mambo hayo katika kila kilomita, naishindanisha Unguja na njia yoyote.

Anzia Forodhani. Asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896, baada tu ya saa 3, manowari za Kiingereza ziliipiga mizinga kasri ya Sultani kwa kuwa Khalid bin Barghash alikuwa amekalia kiti bila ya ridhaa yao. Kabla ya saa 4 mambo yalikuwa yamekwisha. Vinatajwa kuwa vita vifupi kuliko vyote katika historia, dakika 38 kwa hesabu ya wengi, na watu wapatao 500 wa upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa. Kwa vespa, ni muda wa kwenda Bububu na kurudi. Pembeni hapo ndipo ilipo Beit al-Ajaib, aliyoijenga Sultan Barghash mwaka 1883, jumba la mwanzo Afrika Mashariki kuwa na taa za umeme na lifti. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu yake kubwa ilianguka na kuua watu. Anayeijua tangu utotoni hapiti hapo bila ya kupunguza mwendo.

Nimeitaja vespa kwa makusudi. Kiwanda cha Piaggio kiliitoa Italia mwaka 1946, na sidhani kama kuna chombo kilichoafikiana na mji huu kuliko hiki. Pale mbele kuna sakafu ya kuwekea miguu, kwa hiyo mzee aliyevaa kanzu hupanda bila ya kuikunja, na kapu la sokoni Darajani hukaa kati ya miguu. Ila ndani ya vichochoro vya Hurumzi na Sokomuhogo, shuka uikokote. Watoto hutoka milangoni wakikimbia, na watu wazima wamekaa barazani. Njia ile ni yao.

Kutoka mjini kuelekea kaskazini, barabara ya Bububu ndiyo yenye historia ya magurudumu kuliko zote. Mapema katika miaka ya 1900 kampuni ya Kimarekani ilijenga reli ya kilomita kama 11 kutoka Ngome Kongwe hadi Bububu, ikapita katikati ya nyumba za mji, na ikabeba abiria mpaka kwenye miaka ya 1920. Na hiyo haikuwa ya kwanza: Barghash alikuwa na reli yake ndogo ya kwenda Chukwani mwanzoni mwa miaka ya 1880, wakati reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896. Njiani utapita magofu ya Marhubi, kisha Mtoni, kasri kongwe ya Sultan Seyyid Said. Hapo Mtoni alizaliwa binti yake, Bibi Salme, mwaka 1844. Kitabu cha maisha yake, kilichotoka kwa Kijerumani mwaka 1886, kinahesabiwa miongoni mwa tawasifu za mwanzo kabisa zilizoandikwa na mwanamke wa Kiarabu. Ukipinda kulia kupanda Kidichi utapata kona chache na hewa ya mikarafuu, na hammamu aliyoijenga Seyyid Said kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi.

Msimu ulio bora ni kipupwe, Juni hadi Agosti. Baridi yetu haiumi kama ya Ulaya, lakini alfajiri ya Julai, ukiwa umelowa umande huko Mwera, utaelewa kwa nini vijana wa bodaboda huvaa makoti mbele nyuma, kifua kikabili upepo. Masika usiende mbali. Madimbwi huficha mashimo, na barabara za ndani huteleza kama sabuni.

Lakini taji nalivika barabara ya kusini. Ukishapita Tunguu unaingia Bungi, chini ya miembe mikubwa iliyopandwa pande zote mbili, kazi inayohusishwa na Bi Khole, binti wa Seyyid Said, ambaye magofu ya nyumba yake yamo humo humo. Hakuna kivuli kirefu kama hicho katika kisiwa kizima. Jua la saa 6 mchana linakatika ghafla, na ubaridi unausikia mikononi. Mbele kidogo kuna njia ya kuingilia Unguja Ukuu, mji wa biashara uliostawi zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, ambako wachimbuaji wamekuta vigae vya vyombo kutoka China.

Kisha Jozani, hifadhi ya taifa pekee ya Zanzibar, iliyotangazwa mwaka 2004. Hapa ndipo anapoishi kima punju, mnyama ambaye asili yake ni Unguja tu. Hesabu iliyofanywa na watafiti katika muongo uliopita ilikadiria kuwa wapo zaidi ya 5,800, wengi kuliko ilivyodhaniwa awali. Huvuka barabara kwa makundi kwenda kula majani kwenye mashamba, na wapo wanaookota makaa jikoni kwa watu wakayatafuna, kwani huwasaidia kuhimili sumu iliyomo katika majani ya miembe na mikungu. Barabara ilipotiwa lami mwaka 1996, magari yalianza kukimbia na kima wakawa wanagongwa. Matuta yakawekwa, vifo vikapungua sana, lakini havikwisha. Tuta lile si la kurukwa kwa pikipiki kupitia ukingoni. Nimewaona wanaofanya hivyo, na jambo hilo linanichukiza.

Kutoka Kitogani, shika kusini hadi Kizimkazi Dimbani. Msikiti wake kwa nje ni wa kawaida, paa la bati, na sehemu kubwa ilijengwa upya karne ya 18. Ndani, kwenye ukuta wa kibla, kuna maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107, yanayotajwa kuwa ya kale zaidi yenye tarehe katika Afrika Mashariki. Omba ruhusa, vua viatu, jifunike. Kizimkazi hiyo hiyo ndiko kwao Samia Suluhu Hassan, aliyeapishwa tarehe 19 Machi 2021 kuwa mwanamke wa kwanza kushika urais wa Tanzania.

Wanaotaka bahari tu watapenda Paje hadi Michamvi, bahari mkono wa kulia na upepo unaosukuma kweli, huku kina mama wakiwa kwenye mwani maji yakipwa. Nungwi, kama kilomita 60 kutoka mjini, ina mafundi wa majahazi na machweo yanayopigwa picha kuliko yote, ila magari ya watalii ni mengi mno kwangu.

Ukija, mgeni wa nje, chukua kibali cha kuendesha, maana vituo vya polisi njiani ni vingi. Vaa kofia ngumu, na uliyempakia naye avae. Magari ya ng'ombe yanayorudi kutoka shamba hayana taa, na giza la huku huingia haraka: ikifika saa 12 jioni uwe umeshaingia mjini.