Gari Likivuta Upande Mmoja Ukikanyaga Breki

Bila shaka umekwisha kupanda gari la namna hii. Ni pikapu kuukuu, inateremka kutoka Manyovu kuja Mwandiga. Nyuma imejaa magunia ya maharagwe, madumu ya mawese, akina mama na watoto wao. Mara mbuzi anakatiza njia. Dereva anakanyaga breki, na gari linakimbilia mkono wa kuume, upande yanakotoka magari mengine. Dereva anauvuta usukani kwa nguvu, gari linarudi. Kisha anacheka, asema, “Msiogope, nimekwisha lizoea.”

Basi, hapo ndipo penye hatari. Kulizoea gari bovu siko kulitengeneza. Siku ya jua mkono wa dereva utaliweza. Lakini siku ya mvua, tope likiteleza na mzigo ukiwa mzito, mkono huo hautafaa kitu. Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humfichua.

Kwa nini gari huvuta upande mmoja? Waulize wavuvi wa Kibirizi au Katonga. Mtumbwi ukiwa katika mwendo, ukizamisha kafi upande wa kuume na kulishikilia, mtumbwi hugeukia kuume. Gari nalo ni hivyo hivyo. Gurudumu la mbele la kuume likishika sana kuliko la kushoto, gari hugeukia kuume.

Lakini angalia sana! Watu wengi hudhani gurudumu linalovuta ndilo gonjwa. Mara nyingi sivyo. Huenda la kuume ni zima, linafanya kazi yake sawasawa, na gonjwa ni la kushoto ambalo halishiki. Fundi asiyejua hulilegeza lile zima lipate kulingana na gonjwa. Gari litakwenda sawa, ndiyo, lakini halitawahi kusimama. Hiyo si dawa.

Mfaransa mmoja, Blaise Pascal, aliyeishi kati ya 1623 na 1662, alionyesha kwamba maji yaliyofungiwa chomboni, ukiyasukuma mahali pamoja, msukumo hufika pande zote kwa nguvu ile ile. Breki za magari mengi hufanya kazi kwa njia hiyo. Mguu husukuma mafuta ya breki, nayo, katika magari makuukuu kama pikapu ile, husukuma viatu vya breki ndani ya ngoma ya chuma ambayo mafundi huiita dramu. Basi, msukumo ukiwa sawa lakini magurudumu hayashiki sawa, ujue pana kizuizi au uharibifu mahali fulani. Kazi yako ni kuutafuta, kwa utaratibu.

Kwanza, anza na mambo yasiyo na gharama. Pima upepo wa matairi. Tazama kama matairi mawili ya mbele ni ya kipimo kimoja na yamelika sawa. Kisha endesha polepole mahali tambarare, pasipo watu, bila abiria. Je, gari linavuta hata usipokanyaga breki? Kama ndivyo, tafuta kwanza kwenye matairi na usukani. Au likianza kuvuta ukikanyaga tu? Hapo shuku breki.

Pili, baada ya mwendo mfupi na kusimama mara chache, shuka, sogeza kiganja karibu na kila gurudumu. Usiiguse dramu, itakuunguza. Lililo baridi kuliko mwenzake huenda halishiki. Lenye moto mno huenda linashika daima na haliachi.

Tatu, inua gari. Lakini usiiamini jeki peke yake! Weka mawe kwenye magurudumu yaliyo chini, na gari lilalie magogo imara. Zungusha gurudumu kwa mkono. Mwenzako akanyage breki, kisha aache. Je, gurudumu linazunguka tena kwa urahisi? Likibaki limekamatwa, fundi afungue kidogo ile skrubu ya kutolea upepo. Mafuta yakiruka na gurudumu likaachia, mpira wa breki huenda umevimba ndani: unapitisha mafuta kwenda, haurudishi. Likibaki limekamatwa vile vile, tafuta pistoni iliyoganda kwa kutu, au viatu vilivyokwama. Baada ya hapo lazima kutoa upepo wote na kujaza mafuta kabla gari halijaondoka.

Nne, fungua dramu. Je, pana unyevu wa mafuta? Silinda ndogo inavuja, au sili ya ekseli imekwisha. Kiatu kilicholowa mafuta hakifai tena, hata ukikipangusa. Kibadilishe, na mwenzake wa gurudumu la pili pia, maana kipya na kikuukuu havishiki sawa. Usilipulize lile vumbi wala kulivuta puani. Viatu vya zamani vilitengenezwa kwa asbesto, nayo huharibu mapafu. Pangusa kwa kitambaa kibichi.

Sasa maonyo mawili kwa sisi tunaokaa karibu na ziwa. Wengine huingiza gari majini ufukweni ili kulisafisha. Dramu zikiingia maji, breki hulegea, na si zote hukauka pamoja. Ukitoka majini, kanyaga breki kidogo kidogo kwa mwendo wa pole mpaka zishike, ndipo upande mlima. Na wewe unayebeba chumvi kutoka Uvinza, chungulia mara kwa mara paipu za chuma chini ya gari, maana chumvi huharakisha kutu.

Tena, mafuta ya breki yakipungua, usijazie mafuta ya injini wala mawese. Mipira ya ndani itavimba na breki zote zitakufa. Nunua yale yaliyoandikwa kwa ajili ya gari lako, na utafute yanakovujia.

Labda utasema, “Mimi sina gari, maneno haya yanihusu nini?” Yanakuhusu sana. Wewe ndiwe unayekaa nyuma na mwanao magotini. Ukiona dereva anapigana na usukani kila akikanyaga breki, usinyamaze kwa haya. Mwambie kwa adabu, “Ndugu yangu, gari lako linavuta, tusimame, litazamwe.” Akikataa, shuka. Heri kufika sokoni Mwanga saa nane ukiwa mzima kuliko kubebwa kurudishwa nyumbani.

Nawe mwenye gari, fedha ya kununua viatu vya breki ni kidogo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na wako watu ambao hakuna ukuta utakaowarudisha.