Sura ya Tano: Mlima Hauchaguliwi Bure

Mgeni anayekuja kwenye milima ya Wanande, mashariki mwa Kongo, akitafuta kuta za kale atarudi mikono mitupu. Hakuna ngome, hakuna msikiti wa mawe kama ule wa Kilwa, hakuna mlango uliochongwa. Nyumba za huku zilijengwa kwa miti, matete na udongo, na nyumba ya namna hiyo mara nyingi huanguka kabla ya aliyeijenga. Hata hivyo historia ipo, tena inasomeka wazi, mradi msafiri ajue swali la kuuliza: kwa nini watu walikaa hapa juu, wasikae kule chini?

Jibu la kwanza limo katika ardhi yenyewe. Kati ya Beni na Lubero, barabara ya taifa namba 2 inapita juu ya ukingo wa magharibi wa Bonde la Ufa. Upande wa mashariki nchi inaporomoka hadi bonde la Semliki na Ziwa Edward, lililo mita 900 na ushei kutoka usawa wa bahari. Butembo iko zaidi ya mita 1,700, na kilele cha Tshiaberimu, ambako bado wamo sokwe wachache, kinavuka 3,000. Chini kuna samaki, na ng'ambo ya ziwa kuna chumvi ya Katwe. Lakini kuna malaria pia, na mbung'o. Juu kuna baridi, mvua ya kutosha na udongo wa maharagwe. Wanande, ndugu wa damu wa Wakonzo wa Uganda, wanasimulia kwamba wazee wao walitoka mashariki, wakavuka Semliki, wakapanda. Watu wa Toscana, Italia, nao waliweka miji yao vileleni wakikimbia homa ya mabonde na maadui kwa pamoja. Wao walijenga kwa mawe, ndiyo maana watalii huipiga picha miji hiyo.

Kwa ziara za siku moja, usilale Butembo. Naupenda mji ule, lakini ni mji wa malori, honi na vumbi, na anayelala humo huamka amechoka. Lala Musienene, upande wa kusini, umbali usiofika kilomita 20. Ni kijiji cha misheni: kanisa, hospitali, seminari ndogo, mikaratusi mirefu, na usiku wenye ubaridi unaodai blanketi mbili. Parokia nyingi za huku hupokea wageni zikiarifiwa mapema. Mstari wa ikweta unapita jirani, kati ya Butembo na Lubero, jambo ambalo mgeni anayetetemeka asubuhi huona shida kuliamini.

Hesabu safari kwa saa, wala usihesabu kilomita. Barabara ni ya udongo mwekundu. Mvua ikinyesha lori moja likazama, foleni nzima inalala hapo. Januari na Februari, au Juni na Julai, ndiyo miezi yenye nafuu. Na kuna hesabu nyingine iliyo nzito zaidi. Tangu Oktoba 2014 waasi wa ADF wamekuwa wakiua raia katika eneo la Beni, na baadaye hata Lubero. Tangu Mei 2021 jimbo la Kivu Kaskazini liko chini ya utawala wa kijeshi. Kwa hiyo kila safari ninayoieleza hapa inategemea habari za asubuhi ile ile. Waulize madereva wa moto, yaani pikipiki, na padri wa parokia. Wakisema leo hapana, kaa. Na siku zote uwe umerudi kabla jua halijazama.

Ukipata siku moja tu, ipe Kyondo. Barabara inaacha Butembo kuelekea mashariki, ikipanda na kushuka kati ya mashamba yaliyosimama karibu wima. Tazama jinsi yanavyolimwa: mistari ya nyasi imepandwa kukata mteremko ili udongo usikimbie, na juu yake migomba, maharagwe na kahawa vimechanganywa kwa mpango. Utakutana na akina mama wakienda sokoni, mzigo mgongoni na mkanda wake ukipita kwenye paji la uso, shingo ikiwa imekaza na macho chini. Mkanda huo huacha kwenye ngozi alama isiyofutika hata uzeeni. Pisha njia. Salimia kwa Kinande, kwa mzee wa kiume "Wavukire, tata", na mazungumzo yatafunguka yenyewe.

Hii ni nchi ya Bashu, tawi la Wanande. Mwanahistoria Mmarekani Randall Packard aliwaandikia kitabu kizima mwaka 1981, akionyesha kwamba kwao mwami hakuwa mtawala wa watu peke yake. Alikuwa kiungo kati ya watu na ardhi: mvua ikikawia, njaa ikiingia, watu walihoji uhalali wake, na mshindani wake alipata nafasi. Ndiyo maana milima ya Isale, jirani na hapa, ina uzito kwa Bashu hata pale jicho la mgeni linapoona vichaka tu. Usikate tawi wala kupiga picha mahali pa kale bila kuuliza wazee. Kukaa juu kulikuwa na faida nyingine karne ya 19 ilipokaribia kwisha: wavamizi wa Kimanyema, waliotafuta pembe na watumwa, walionekana kwa mbali.

Fika mapema. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mbingu ikiwa safi, theluji ya Rwenzori, ambayo kilele chake cha Margherita kina mita 5,109, hung'aa upande wa kaskazini mashariki. Kufikia saa tatu mawingu yameshaifunika. Mbele kidogo, njia inapoanza kuteremka kwenda Kyavinyonge, kijiji cha wavuvi, Ziwa Edward linajitandaza lote. Huko ndiko wazee walikoshuka na vyakula wakarudi na chumvi ya Katwe. Utashangaa bonde pana kiasi hicho likiwa tupu. Halikuwa tupu tangu zamani. Ugonjwa wa malale ulipoenea, serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wa bonde la Semliki, na katika miaka ya 1930 hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1925, leo Virunga, ikapanuliwa juu ya ardhi yao. Msongamano wa mashamba unaouona mlimani ulianzia pia katika uamuzi huo, na ugomvi wa mipaka ya hifadhi bado haujaisha.

Butembo yenyewe itembelee mchana, kwa miguu. Ilizaliwa mwishoni mwa miaka ya 1920 kama kituo cha kampuni ya madini ya Minière des Grands Lacs, iliyochimba dhahabu upande wa Manguredjipa. Waliofanya kituo hicho kuwa mji mkubwa, hata hivyo, ni wafanyabiashara wa Kinande, waliouza kahawa na mboga, kisha wakafuata bidhaa hadi Dubai na China. Serikali ya Mobutu ilipoacha barabara zife, wao, raia wa kawaida na kanisa la Askofu Emmanuel Kataliko, aliyeongoza jimbo hili la kanisa kuanzia 1966 hadi 1997, walichanga fedha na nguvu. Ukipita Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, kilichoanzishwa mwaka 1989, unapita mbele ya tunda la michango hiyo. Nenda pia Katwa, kilima cha Wabaptisti, uone jinsi kila dhehebu lilivyojitafutia kilima chake.

Lubero inatosha nusu siku: makao ya wilaya, baridi kali, viazi, liki na vitunguu ambavyo katika miaka ya 1980 vilipandishwa ndege hadi Kinshasa. Usiendelee kusini. Kanyabayonga iliangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Juni 2024, na wakimbizi walipanda barabara hii hii.

Beni ni kilomita 54 kaskazini mwa Butembo, na mteremko wake wa mita 600 unausikia masikioni na mwilini: sweta linavuliwa, mikaratusi inapungua, kakao, mipapai na michikichi inaingia. Nenda tu siku ambayo barabara inasifiwa na wote uliowauliza. Ni mji uliobeba mauaji na pia Ebola, iliyotangazwa Mangina, magharibi yake, Agosti 2018 na kuua zaidi ya watu 2,200 hadi ilipokwisha Juni 2020. Usiulize maswali ya msiba kwa mtu uliyekutana naye sasa hivi. Uliza habari za mji. Wazee watakwambia kwamba hii si Beni ya kwanza. Kituo cha kwanza cha Wabelgiji chenye jina hili kilikuwa chini, kando ya Mto Semliki, na mahali pake sasa pamo ndani ya hifadhi. Serikali nayo ilikuja kupanda.