Maasi ya Askari katika Kalamu ya Kiingereza

Miongoni mwa istilahi za kijeshi ambazo waandishi wetu wa Kiingereza huzitumia pasi na hadhari, sijaona iliyodhulumiwa kama "mutiny", ambayo hubandikwa juu ya kila ghasia, kuanzia mgomo wa wachezaji wa kandanda hadi kuanguka kwa dola, ilhali maana yake katika sharia ni finyu. Sharia ya Jeshi ya Uingereza ya mwaka 1955 ilitaka wawepo watu wasiopungua wawili walio chini ya sharia ya kijeshi, nao wawe wamepatana kuipinga au kuiangusha mamlaka halali. Askari mmoja akikataa peke yake amri ya sajini, huyo ni mkaidi, na ataadhibiwa kwa ukaidi wake. Wakipatana wawili, hapo ndipo neno hilo linapoingia, na zamani liliweza kuingia pamoja na kitanzi.

Kwa mfano hatuna haja ya kwenda mbali. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari 1964, askari wa Batalioni ya Kwanza ya Tanganyika Rifles, katika kambi ya Colito nje ya mji wa Dar es Salaam, waliwatia mbaroni maofisa wao wa Kiingereza, wakidai nyongeza ya mshahara na maofisa Waafrika mahali pa wale Waingereza. Waliingia mjini wakashika mahali muhimu, Mwalimu Nyerere akafichwa, na serikali ikabaki haina wa kuilinda. Lakini wao, ambao siku ile wangaliweza kuitwaa, hawakutangaza serikali mpya, bali walijadiliana na waziri Oscar Kambona juu ya ujira na vyeo. Kesho yake kikosi cha Tabora kikafuata, tarehe 23 ikawa zamu ya Jinja nchini Uganda, tarehe 24 Lanet nchini Kenya, na tarehe 25 makomando wa Kiingereza kutoka manowari Centaur wakashuka Colito kwa helikopta. Kuyaita mambo hayo "coup", kama nisomavyo mara kwa mara, ni kuwapa askari wale nia ambayo matendo yao hayakuidhihirisha. (Kambi yenyewe, iliyopewa jina la pigano la mwaka 1941 huko Ethiopia, leo yaitwa Lugalo, kwa jina la mahali Wahehe walipowashinda Wajerumani mwaka 1891, na kwa maoni yangu jina hili lina haki zaidi.)

Kosa la kinyume hufanywa juu ya Unguja. Siku nane kabla ya Colito, Sultani Jamshid alipong'olewa, wale walioshambulia kambi ya polisi ya Ziwani aghalabu hawakuwa askari wa dola, wala hawakuwa na kamanda wa kumwasi. Yaliyotokea ni mapinduzi, ayapendaye na ayachukiaye, na "mutiny" haina nafasi pale.

Bara Hindi ni tatizo gumu zaidi. Askari wa Kihindi walioasi Meerut tarehe 10 Mei 1857 walikuwa chini ya kiapo, basi kwa siku ile Waingereza walisema sawa. Lakini walipolitandaza neno lile lile juu ya wakulima na juu ya Rani wa Jhansi, ambao hawakuwa askari wa jeshi lile, walikuwa wakiigeuza vita kuwa utovu wa nidhamu, na ndiyo maana Wahindi wengi walilikataa.

Mwandishi akikwama, na aulize ni nani aliyeasi na amri ya nani. Tahajia ni jambo dogo: kitendo kilichopita ni "mutinied", si "mutinyed". Kubwa ni kwamba tukio moja laweza kubeba majina mawili. Tarehe 1 Agosti 1982 wanajeshi wa anga wa Kenya waliishika redio wakatangaza kwamba serikali imepinduliwa. Kwa nia yao lilikuwa jaribio la mapinduzi, na kwa kiapo walichokivunja yalikuwa maasi. Mahakama za kijeshi ziliwahukumu wengi wao kwa maasi, na Hezekiah Ochuka, kiongozi wao, akahukumiwa kwa uhaini, akanyongwa mwaka 1987.