Siku moja kwenye vinu vya Kinderdijk

Jamaa itakayo kuwapeleka watoto Kinderdijk, katika Uholanzi, ifahamu kwanza kwamba vinu vya upepo 19 vya mahali pale havikujengwa kwa kusaga unga. Kazi yake ilikuwa kuinua maji. Nchi ile iko chini kuliko mto, na maji yasipoondolewa hufunika malisho na nyumba. Vingi vilijengwa mwaka 1738 na 1740. Upepo uligeuza mabawa, mabawa yakageuza gurudumu, nalo likayapandisha maji kuelekea mtoni. Siku hizi kazi hiyo hufanywa na mashine.

Kutoka Rotterdam, njia tuipendayo ni mashua ya abiria. Makoti yasisahauliwe hata wakati wa jua; pasipo upepo, nani angejenga vinu?

Tena tusiridhike na kupiga picha tu. Tuingie katika kinu kilichofunguliwa kwa wageni, tupande ngazi zake nyembamba, tutazame vitanda vilivyofichwa ukutani kama kabati. Humo baba, mama na watoto waliishi, mashine ikinguruma juu yao. Vinu vingine vinakaliwa na watu hata leo, basi tusiingie uani mwao. Watoto wadogo washikwe mkono, maana mabawa mengine hupita karibu kugusa majani, nayo yana nguvu ya kuua.

Na jina lenyewe? Maana yake ni tuta la watoto. Husimuliwa kwamba baada ya gharika ya mwaka 1421, iitwayo ya Mtakatifu Elizabeti, susu ya mtoto ilionekana ikielea, na paka akirukaruka huku na huku ndani yake ili isipinduke.