Ukungu wa Vita na Ukungu wa Skrini

Stellaris, mchezo wa mkakati wa angani uliotolewa mwaka 2016 na Paradox Development Studio ya Stockholm, Sweden, humkabidhi mchezaji dola changa yenye sayari moja na kumtaka aikuze katikati ya mamia ya nyota. Hata kabla hajatuma meli yake ya kwanza, macho yake hukutana na mstari wa picha ndogondogo juu ya skrini: umeme wa manjano, fuwele nyekundu, na nyingine kadhaa ambazo hazifanani na kitu anachokijua. Kando ya picha hizo kuna namba, moja ya akiba na nyingine ya kinachoongezeka au kupungua kila mwezi. Pembeni kuna orodha ya sayari na vikosi, na ramani yenyewe imejaa alama juu ya alama. Wapo wanaoishia hapo, wakaamini kwamba gemu za aina hii ni za watu wenye akili zisizo za kawaida. Si kweli. Ugumu unaowafukuza una vyanzo viwili ambavyo havipaswi kuchanganywa. Kuna mambo mchezaji hayajui kwa sababu adui anayaficha, na kuna mambo hayajui kwa sababu skrini imeshindwa kumweleza. Lile la kwanza ndilo roho ya mchezo. La pili ni kasoro ya kazi, na halistahili kuheshimiwa kwa jina la ugumu.

Ni vyema kwanza kuelewa kwa nini gemu hizi zina habari nyingi kiasi hicho. Mwaka 1993, Mmarekani Alan Emrich, akiandika kuhusu gemu ya Master of Orion katika jarida la Computer Gaming World, alieleza aina hii ya mchezo kwa vitenzi vinne: kuchunguza, kupanuka, kuvuna na kuangamiza. Kila kitenzi kati ya hivyo huzaa hesabu zake. Anayechunguza anahitaji kujua nyota ipi ameshaifikia, na anayepanuka anahitaji kujua sayari ipi inakalika. Anayevuna ana madini, chakula na nishati za kusimamia, na anayepigana ana meli, silaha na majeraha. Zamani sehemu kubwa ya maelezo hayo ilikuwa kwenye kitabu kinene kilichowekwa ndani ya boksi pamoja na diski. Civilization ya Sid Meier, iliyotoka mwaka 1991, iliongeza ensaiklopidia ndani ya gemu yenyewe. Siku hizi gemu hununuliwa kwa intaneti bila boksi wala kitabu, na mzigo wote wa kufundisha umebaki juu ya skrini.

Msomaji anayelijua bao la Kiswahili anaweza kupima jambo hili kwa mizani ya nyumbani. Bao lina mashimo 32 na kete 64, na hakuna kete hata moja iliyofichwa. Mwanzoni kila mchezaji ana kete 22 mkononi za kunamua, yaani za kuingiza mashimoni moja moja, lakini idadi yake inajulikana na pande zote mbili. Anayeshindwa hawezi kusema hakuona, kwani kila kitu kilikuwa mbele yake, na kilichomponyoka ni hesabu ya mahali ambapo mtaji, yaani zamu ya kula kete, ungeishia. Ugumu wote wa bao umo katika kufikiri. Gemu ya mkakati wa angani inaongeza kitu ambacho bao halina, yaani kuamua bila kujua yote. Hali hiyo huitwa ukungu wa vita, na si jambo jipya katika kompyuta. Empire, iliyotungwa na Walter Bright wa Marekani katika miaka ya 1970, tayari ilificha sehemu za ramani ambazo majeshi ya mchezaji hayajazifikia. Lakini hata katika Empire, herufi iliyosimama badala ya jeshi ilikuwa na maana moja tu. Ukungu ulifunika kilichopo, haukufunika maana ya kinachoonekana.

Mfano bora wa ukungu uliopangwa vizuri ni FTL, gemu ya mwaka 2012 iliyobuniwa na watu wawili, Justin Ma na Matthew Davis. Mchezaji anaongoza chombo kimoja kinachofukuzwa na adui, na hapo kuona kunanunuliwa kama silaha. Vihisi vya daraja la kwanza vinamwonesha vyumba vya meli yake mwenyewe. Akiongeza daraja anaona ndani ya meli ya adui, na akiongeza tena anaona silaha za adui zinavyojijaza kabla ya kufyatuka. Vihisi vikipigwa, vyumba vyake vinageuka giza, na hajui tena kama ule moto uliowaka nyuma umezimika au umesambaa. Akiingia kwenye wingu la gesi, vihisi havifanyi kazi kabisa. Angalia jinsi kila giza hapa lilivyo na sababu na bei yake. Mchezaji anajua hajui nini, anajua kwa nini hajui, na anajua atalipa kiasi gani ili ajue. Kwa hiyo kutojua kwenyewe kunakuwa uamuzi: vyuma chakavu alivyookota avitumie kuongeza macho au kuongeza ngao?

Stellaris nayo ilijifunza somo hilo, ingawa ilichukua miaka. Toleo la 3.0 la mwaka 2021 liliingiza mfumo wa taarifa za kijasusi. Kabla ya hapo, ukishafungua mawasiliano na dola nyingine ulipata kujua mengi juu yake karibu bure. Tangu toleo hilo, ujuzi wako kuhusu jirani umegawanywa katika mafungu, kama serikali, diplomasia, uchumi, teknolojia na jeshi, na kila fungu hufunguka hatua kwa hatua kadiri unavyopeleka balozi, kufunga mikataba au kupandikiza majasusi. Usipofanya hivyo, nguvu za jeshi lake zinabaki kitendawili. Wachezaji waliozoea kuona kila kitu wangeweza kudhani wamenyang'anywa haki yao. Ninaona kinyume chake. Balozi sasa ana kazi zaidi, na vita dhidi ya jirani usiyemjua imekuwa hatari ya kweli.

Lakini gemu hiyohiyo inatupa pia mfano wa ukungu mbaya. Juu ya kila kikosi cha meli ambacho mchezaji ana taarifa zake kuna namba moja inayosimama badala ya nguvu zake za kivita. Mchezaji mgeni anaona kikosi chake kina elfu kumi, cha adui kina elfu nane, anashambulia, anateketezwa. Kilichotokea hakimo ndani ya ile namba. Inakokotolewa kutokana na uwezo wa meli kudhuru na uwezo wake wa kustahimili, bila kuuliza silaha hizo zinakutana na nini. Kila meli ina ngao, ina deraya chini ya ngao, kisha ina mwili wake. Silaha za risasi huvunja ngao haraka lakini huchoka mbele ya deraya. Leza hufanya kinyume. Makombora hupita kwenye ngao kana kwamba hazipo, lakini adui mwenye mizinga ya kutungua makombora huyadondosha njiani. Kikosi cha elfu kumi kilichojaa leza kikikutana na kikosi cha elfu nane kilichotegemea ngao, ubora wa namba unayeyuka. Maelezo haya yote yamo ndani ya gemu. Yako kwenye ukurasa wa kubuni meli, kwenye kidirisha kinachotokea ukisogeza kipanya mahali sahihi, kwenye orodha ya silaha za kila meli. Adui hakuyaficha. Yamefichwa na umbali kati ya namba kubwa inayoonekana daima na ukweli mdogo unaohitaji kutafutwa.

Namba hiyo haisemi uongo, na mtetezi wake atasema hakuna namba moja inayoweza kubeba mambo yote hayo. Nakubali. Kosa ni kuiweka peke yake mahali pa heshima, pasipo dalili yoyote kwamba ni kadirio. Kitu kinachooneshwa kikubwa na kwa rangi kali kinaaminiwa kuliko kilichofichwa hatua tatu ndani. Alama moja ndogo kando ya namba, inayosema adui huyu anategemea ngao kuliko deraya, ingemsukuma mchezaji kuuliza swali sahihi. Nayo ingeweza kuonekana pale tu anapokuwa amepata taarifa za kijeshi za kutosha, ili ukungu wa haki ubaki mahali pake.

Rangi zina matatizo yake. Katika Stellaris, sayari inayokalika vizuri hutambulishwa kwa kijani, ya wastani kwa manjano, mbaya kwa nyekundu. Kwa mtu mwenye macho ya kawaida, hilo linasomeka haraka kuliko neno lolote. Lakini miongoni mwa wanaume wenye asili ya Ulaya Kaskazini, takriban mmoja kati ya 12 hupata shida kutenganisha baadhi ya rangi, hasa nyekundu na kijani. Kwake yeye, alama mbili zenye umbo moja na rangi tofauti zinaweza kuwa alama moja. Dawa ni rahisi na inajulikana: umbo libadilike pamoja na rangi. Anayetengeneza alama kwa rangi peke yake amechagua, pengine bila kujua, nani asione.

Imani kwamba picha inaeleweka na kila mtu kwa kuwa haina lugha ndiyo iliyoleta sehemu kubwa ya matatizo haya. Historia ya kompyuta haiiungi mkono. Susan Kare, msanii aliyechora alama za kompyuta ya Macintosh ya mwaka 1984, alichukua mraba wenye vitanzi vinne kwenye pembe kutoka alama inayotumika Sweden kuonesha mahali pa vivutio, ukawa alama ya kitufe cha amri. Mamilioni ya watu wanaubonyeza bila kufikiria vivutio vyovyote. Wanauelewa kwa sababu umechapwa kwenye kitufe chenyewe, umeandikwa kando ya amri kwenye orodha, na haujabadilika maana kwa miongo. Alama hufundishwa kwa kurudiwa na kwa kukaa jirani na neno. Gemu inayotumia mchoro uleule kwa maana mbili, au inayobadilisha michoro kila toleo, inabomoa elimu iliyokwisha kujengwa.

Jambo hili linamgusa msomaji wa Kiswahili kuliko wengi wanavyofikiri. Stellaris haina Kiswahili kati ya lugha zake, na gemu kubwa za mkakati kwa ujumla hazina. Kwa hiyo mchezaji wa Mwanza au Mombasa ambaye Kiingereza chake si cha kusomea maelezo marefu anategemea alama zaidi ya mchezaji wa London. Alama ikikwama, maelezo yake yamo katika lugha asiyoimudu vizuri. Ongeza na simu. Kwenye kompyuta, mchezaji husogeza kipanya juu ya alama na maelezo yanajitokeza bila kubofya. Kioo cha kugusa hakina jambo hilo: kidole ama kimegusa ama hakijagusa. Gemu iliyohamishiwa kwenye simu bila njia mbadala, kama kubonyeza na kushikilia, inaacha alama zake bila maelezo kabisa, na simu ndicho kifaa ambacho wengi wetu tunacho.

Hoja nzito zaidi ya wapinzani ni kwamba kugundua ni raha. Wanasema ukimweleza mchezaji kila kitu umemwibia furaha ya kung'amua mwenyewe, na gemu inageuka kazi ya karani. Hoja hii ina ukweli, lakini inapiga mahali pasipo. Anayegundua kwamba makombora hupenya ngao amegundua sheria ya ulimwengu wa gemu, na raha hiyo ni halali. Anayegundua, baada ya saa nyingi, kwamba mchoro fulani ulimaanisha sayari yake ina njaa, hakugundua chochote kuhusu nyota, vita wala utawala. Alichopata ni tafsiri ya mchoro. Hata raha ya kwanza inahitaji skrini iwe wazi, kwani mtu hawezi kujifunza kutokana na kushindwa asipoona kilichomshinda. Hoja ya nafasi, kwamba maneno yangejaza skrini, imejibiwa kwa vitendo na kampuni hiyohiyo ya Sweden. Katika Crusader Kings III ya mwaka 2020, kila neno gumu ndani ya maelezo linaweza kufunguliwa likatoa maelezo yake, na maneno ya humo yakafunguka tena, bila mchezaji kuondoka mahali alipo. Anayejua anapita, na asiyejua anachimba.

Kwa anayetaka kuingia kwenye gemu hizi sasa, simamisha mchezo. Katika Stellaris muda husimama kwa kubonyeza kitufe cha nafasi, na hakuna adui atakayekushambulia wakati unasoma. Pita juu ya mstari wa juu, picha moja baada ya nyingine, na utafute yenye alama ya kutoa, kwa kuwa hiyo ndiyo itakayokuumiza kwanza. Usiamini namba moja ya nguvu mpaka umeangalia silaha zilizo nyuma yake. Ukishindwa, rudi kwenye ripoti ya pigano uone silaha zipi zilileta madhara.

Na kwa vijana wa Nairobi, Dar es Salaam na Kampala wanaotengeneza gemu zao, mwekeni mbele ya kazi yenu mtu ambaye hajawahi kuiona, kisha nyamazeni. Akishindwa, muulizeni kwa nini. Akijibu kwamba hakujua adui ana kikosi kingine nyuma ya ile sayari, msibadilishe kitu. Akijibu kwamba hakujua ule mchoro una maana gani, urekebisheni usiku huohuo.