Fundi akisema 'funga', mwanagenzi afanye nini?

BINTI mmoja ninayemfahamu tangu nikimfundisha Kiswahili katika shule ya msingi sasa yuko mwaka wa nne chuoni, anasomea uhandisi wa umeme na mawasiliano. Mwaka huu alikaa miezi mitatu katika karakana moja jijini Nairobi inayounda vifaa vya mtandao: ruta, swichi na visanduku vya kuunganishia kebo za faiba. Wiki yake ya pili, fundi mkuu wa meza ya majaribio, mzee aliyezaliwa na kukulia Kisauni, alimwambia akipita, "Hebu mwanangu, nifungie ile swichi ya pili." Akaenda zake.

Binti huyu amelelewa Nakuru. Kwao redio hufunguliwa na kufungwa, na televisheni vivyo hivyo. Akanyoosha mkono, akaizima swichi.

Mzee alikuwa amemaanisha aikaze kwa skrubu kwenye fremu, maana ilikuwa imelegea na feni yake ilikuwa ikitetemesha meza nzima. Kumbe swichi hiyo ndiyo iliyokuwa ikipitisha data ya majaribio kwenda kwa ruta kumi na mbili, ambazo zilikuwa zimewashwa tangu asubuhi ya siku iliyotangulia ili ionekane kama zitastahimili joto. Kipimo kikakatika. Kazi ya siku nzima na usiku wake ikabidi ianze upya.

"Mwalimu," aliniambia kwa simu jioni hiyo, sauti imemkauka, "si nilifunga? Aliniambia nifunge, nikafunga."

Alikuwa sahihi. Mzee naye alikuwa sahihi. Katika daftari lake la kumbukumbu, lile wanafunzi wanaloliita logibuku, aliandika kwa Kiingereza kwamba siku hiyo alisaidia kupima swichi na ruta. Msimamizi akatia sahihi. Mhadhiri atakayelisoma hatajua kwamba somo kubwa la siku hiyo lilihusu kitenzi.

Kabla sijaendelea, neno kuhusu jina la shughuli yenyewe. Wanafunzi wetu husema wako atachimenti iwapo bado wanasoma, na intaniship iwapo wamehitimu. Wenzao wa Tanzania huenda fildi, na daktari anayefanya mazoezi baada ya masomo huitwa daktari tarajali. Mimi hupenda neno mwanagenzi, na uanagenzi kwa hali yake, kwa sababu tayari limo katika kamusi zetu na linamtaja mtu anayejifunza kazi kwa kukaa karibu na anayeijua. Wanaotaka kuendelea na atachimenti sina ugomvi nao.

Turudi kwa funga. Tunafunga mlango, mzigo, mbuzi, bao, ndoa, safari na mwezi wa Ramadhani. Wanaisimu huiita hali hii polisemia: neno moja lenye maana kadhaa ambazo zinahusiana. Ndani ya nyingi kati ya hizo mna wazo la kubana au kuzuia kitu kisitoke. Tatizo ni kwamba wazo hilo likiingia karakanani hupasuka vipande vitatu. Kwa fundi wa Pwani, na kwa Mtanzania, kufunga mtambo ni kuuweka mahali pake na kuukaza hadi uwe tayari kwa kazi. Ndivyo wanavyofunga injini, na ndivyo wanavyofunga dishi la televisheni juu ya paa. Kwa wengi wetu wa bara, kufunga mashine ni kuisimamisha. Kisha ipo maana ya tatu, ya darasa la fizikia. Saketi iliyofungwa ni ile isiyo na pengo, ambayo umeme unazunguka ndani yake. Kwa mwanafunzi wa uhandisi aliyeyashika vizuri masomo yake, kufunga swichi ni kuruhusu umeme upite.

Amri moja, basi, na matendo matatu: kaza, zima, washa. Mawili kati yake ni kinyume kabisa.

Nomino nayo haikusaidia. Swichi ya ukutani hukata na kurejesha umeme. Swichi ya mtandao ni kisanduku chenye matundu mengi ya kebo, kinachosoma anwani ya kila furushi la data na kulielekeza kwenye tundu linalofaa. Kiingereza huviita vitu hivi viwili kwa jina moja kwa sababu za kihistoria. Katika vituo vya simu vya zamani kazi ya kumuunganisha mpigaji na mpigiwa ilifanywa kwa swichi, na jina likarithiwa na vifaa vya data. Kiswahili kilipokopa neno kilikopa na utata wake.

Msomaji anaweza kusema huu ni mchezo wa maneno, na kwamba kilichopotea ni saa ishirini na nne tu. Hebu tugeuze kisa. Ndani ya kifaa kinachochomekwa moja kwa moja kwenye umeme wetu wa volti 240, kuna kapasita zinazohifadhi chaji ya zaidi ya volti 300. Baadhi huendelea kuihifadhi kwa muda hata baada ya kebo kuchomolewa. Fundi wa Nakuru akimwambia mwanagenzi wa Kisauni "funga kwanza, halafu utie bisibisi," na mwanagenzi akaelewa kwamba akaze kwanza, hapo hatutakuwa tunazungumzia kipimo kilichokatika.

Ndipo nikafikia jambo ambalo limenisumbua kwa miaka. Sisi wapenzi wa Kiswahili tumetumia nguvu nyingi kubishania nomino. Tumevutana kuhusu kompyuta, tarakilishi na ngamizi hadi wengine wakachoka. Kamusi zinatupendekezea kipanga njia kwa ruta, nalo si neno baya. Lakini ukiingia karakanani utakuta mafundi walishaamua zamani: ruta ni ruta, bodi ni bodi, chipu ni chipu, na hakuna anayekosea. Ukimwambia mtu akupe ruta, atakupa ruta. Ajali hutokea pale unapomwambia aifanye nini.

Nilimwomba binti aniandikie vitenzi vyote alivyovisikia kwa wiki moja, kwa kufuata safari ya bodi moja tangu ikiwa tupu hadi ikiwa ruta. Orodha yake ilinifundisha mambo mengi.

Bodi tupu huwekwa chini ya bamba jembamba la chuma lenye vitundu, na uji mzito wa lehemu hupitishwa juu yake ili ushike pale tu panapotakiwa. Lehemu ni neno zuri tulilolipata kutoka Kiarabu. Siku hizi ile inayotumika sana ni mchanganyiko wa bati asilimia 96.5, fedha asilimia 3 na shaba asilimia 0.5. Ya zamani ilikuwa na risasi ndani yake, hadi Umoja wa Ulaya ulipopiga marufuku madini hayo katika vifaa vingi vya elektroniki kuanzia Julai 2006 na watengenezaji wa kwingineko wakafuata. (Jaribu kumwambia askari wa langoni kwamba umebeba lehemu isiyo na risasi.) Kitenzi cha hatua hii ni kupaka. Ukikinyambua katika kauli ya kutendea unapata kupakia, yaani kupaka kwa ajili ya mtu au kwa kutumia kitu. Lakini hatua ya mwisho kabisa, ya kuingiza programu katika kumbukumbu ya ruta, nayo huitwa kupakia, kama tunavyopakia magunia kwenye lori. "Umeshampakia?" fundi mmoja huuliza, akimaanisha ruta, na binti hulazimika kuangalia mikono yake ili ajue kama anaulizwa kuhusu lehemu au programu.

Baada ya lehemu, mashine hupachika vipande vidogo vidogo kwa kasi ambayo jicho haliifuati. Rizista ya kawaida katika bodi hizi ina urefu wa milimita moja na upana wa nusu milimita. Ukipiga chafya zimetoweka. Kupachika ni kitenzi salama, sikukuta mwenye shaka nacho. Bodi huingia tanurini, ambamo joto hupanda taratibu hadi nyuzi 240 hivi za selisiasi. Lehemu ya bati, fedha na shaba huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 217, kwa hiyo hicho kipimo cha juu huachia nafasi kidogo tu. Kikizidi sana chipu huharibika, kikipungua viungo havishiki.

Hapo mafundi husema bodi imechomwa, maana yake imepita tanurini salama. Ikiharibika husema imechomeka au imeungua. Kisha kebo ikiingizwa kwenye tundu husema imechomekwa. Yasome tena kwa sauti: imechomwa, imechomeka, imechomekwa. La kwanza ni sifa, la pili ni msiba, la tatu ni hatua ya kawaida kabla ya kupima. Kinacholitenganisha la pili na la tatu ni sauti moja tu ya /w/, na feni za karakana zikinguruma sauti hiyo ndiyo ya kwanza kumezwa. Sarufi yetu ya mnyambuliko, ambayo wanafunzi hulalamika kwamba haina faida nje ya mtihani, hapa inatenganisha kifaa kizima na kifaa kilichokufa.

Kuna pia maneno ambayo karakana imeyapata vizuri kuliko vitabu. Anayegusa bodi sharti avae mkanda wa kifundo cha mkono uliounganishwa na ardhi kwa waya, ili umeme tuli wa mwilini mwake usiruke kwenye chipu. Binadamu huanza kuhisi mruko huo ukifika takriban volti 3,000, ilhali chipu nyingine huharibika kwa chini ya volti 100. Yaani unaweza kuiua na usijue. Mkanda huo wao huuita bangili. "Vaa bangili" haijawahi kumchanganya mtu yeyote pale.

Na hatuanzi jambo hili leo. Mabaharia wa Lamu na Mombasa walilitatua karne nyingi zilizopita. Tanga hutwekwa na tanga hutuliwa. Nanga hutiwa na nanga hung'olewa. Chombo kinachokwenda kinyume na upepo kinabisha. Nahodha hakumwambia baharia "fungua tanga" kisha akamwachia akisie, kwa sababu kukisia kulimaanisha kuzama. Kila tendo lilipewa kitenzi chake, na kijana aliyepanda jahazini kujifunza kazi alivishika vitenzi hivyo kabla ya kushika kamba. Huo ulikuwa uanagenzi kamili, na lugha yake ilikuwa Kiswahili.

Wapo watakaosema kwamba karatasi za maelezo ya chipu huandikwa kwa Kiingereza, hivyo mwanafunzi abaki nacho. Nakubali kuhusu karatasi. Lakini amri hazitoki kwenye karatasi, hutoka kinywani mwa mzee wa Kisauni. Kipengele cha 7 cha Katiba ya 2010 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Logibuku nyingi nilizowahi kuziona bado hazijapata habari hizo. Sidai zitafsiriwe zote. Ukurasa mmoja kwa wiki ungetosha, ambapo mwanafunzi angeandika aliambiwa nini, kwa maneno yaleyale, na alipaswa kufanya nini. Vyuo vikizikusanya kurasa hizo kwa miaka mitano, vitakuwa na kamusi ya vitenzi vya ufundi ambayo hakuna kamati inayoweza kuibuni ikiwa imeketi hotelini.

Hitaji lipo. Tayari mwaka 2013 kampuni ya BRCK ya Nairobi ilichangisha zaidi ya dola 170,000 kupitia Kickstarter ili kutengeneza kifaa cha intaneti chenye betri yake, kinachovumilia stima zetu zinazopotea na kubadilisha njia ya mawasiliano pale moja inapokatika. Kilibuniwa na watu waliotokana na Ushahidi, shirika lenye jina la Kiswahili, ingawa chenyewe kilipewa jina la tofali la Kiingereza lililonyang'anywa irabu. Wenye kubuni wapo. Bado hatujawaandikia lugha ya mezani pao.

Binti na mzee hawakungoja vyuo. Siku tatu baada ya kisa kile walikaa wakati wa chai, wakakubaliana, na binti akabandika karatasi juu ya meza ya majaribio. Ina maneno manne: WASHA na ZIMA kwa umeme, KAZA kwa skrubu, CHOMEKA kwa kebo. Funga imepigwa mstari mwekundu.

Wiki iliyopita alinipigia tena. Mzee alikuwa ameongeza neno la tano kwa kalamu yake: WACHA.

"Sasa Mwalimu, hii 'wacha' ni kwamba niache ninachofanya, ama niiache ruta iendelee vile ilivyo?"

Nimemwambia amuulize Mzee, kabla hajagusa chochote.